Frodo alishindwa. Imani iko wapi hapo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naongoza kikundi cha vijana parokiani kwetu, Morogoro. Jioni za Jumapili tumekuwa tukisoma The Lord of the Rings, riwaya ya mwandishi Mwingereza Tolkien, nami nawafafanulia Kiingereza kinapowashinda. Niliwaahidi hadithi ya Kikristo. Lakini kitabu kizima hamna kanisa wala padri, na mwishoni Frodo, aliyetumwa kuiangamiza Pete ya yule mwovu Sauron, baada ya taabu zote zile anafika kwenye mlima wa moto halafu anakataa kuitupa humo! Binti mmoja akauliza: "Aliyetumwa ameshindwa, sasa imani iko wapi?" Nimsaidieje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Binti huyo mpongeze, maana amegusa penyewe. Frodo alishindwa kweli, na wasomaji walipomwandikia Tolkien kulalamika, yeye mwenyewe alikubali.

Sasa muulize: Pete ilifikaje motoni? Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na Pete na bado anaitamani, alimng'ata Frodo kidole, akaanguka nayo. Na Gollum alikuwa hai kwa nini? Bilbo, jamaa mzee wa Frodo, zamani alikutana naye akiwa na upanga mkononi, gizani chini ya milima, akamhurumia. Frodo, aliyewahi kusema kwamba Bilbo angemmaliza tu, alipokutana naye uso kwa uso akamwacha aishi. Hata Sam, mwenzake Frodo safarini, ambaye hakumpenda Gollum kabisa, alimwachia pale pale mlimani, muda mfupi kabla ya mwisho. Ondoa huruma moja tu kati ya hizo, Pete inabaki mkononi mwa Frodo na Sauron anakuja kuichukua.

Katika barua ya mwaka 1956 Tolkien alilifafanua jambo hili kwa maneno ya Baba Yetu: utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Frodo alitiwa katika kishawishi kilichozidi nguvu zake, akaopolewa kwa sababu alikuwa amesamehe. Mimi husoma sura ile machozi yakinilengalenga.

Kuhusu kanisa: mwaka 1953 Tolkien alimwandikia rafiki yake Mjesuiti, Padri Robert Murray, kwamba kitabu hiki ni cha kidini na cha Kikatoliki, na ndiyo maana aliondoa karibu kila kitu kinachofanana na ibada. Dini aliiacha iingie ndani ya hadithi yenyewe. Waonyeshe vijana tarehe: wasafiri wanaondoka Rivendell, wanakoanzia safari ya kwenda kuiangamiza Pete, 25 Desemba, na Pete inaangamia 25 Machi, siku tunayoadhimisha Malaika Gabrieli kumpasha Maria habari.

Na waelezwe habari za mama yake Tolkien, Mabel. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo alipojiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1900, na ndugu wakamkatia msaada. Alifariki mwaka 1904, mwanawe akiwa na miaka 12, na wanawe akawa amewakabidhi kwa padri, Francis Morgan wa Birmingham. Tolkien alimhesabu mama yake kuwa shahidi wa imani. Mtu aliyelelewa hivyo hakuhitaji kuchora msalaba kila ukurasa.

Nakusihi jambo moja: msianze kugawana nani ni Yesu na nani ni Petro. Tolkien hakupenda hadithi isomwe kwa namna hiyo. Rudini kwa Gollum, mhesabu kila aliyemhurumia na ilimgharimu nini.