Baiskeli ya mbio ya mtumba: anza na fremu

Kaka, unasema una laki nne na unataka baiskeli ya mbio ya mtumba hapo Dar. Usinunue rangi. Igeuze juu chini, pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa penye pedeli na penye usukani. Ukiona ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, ondoka. Fremu ya kaboni, yaani ya nyuzi nyepesi badala ya chuma, kwa bei hiyo mimi naiogopa. Kisha legeza kibano cha siti ujaribu kuipandisha: ikigoma, bomba lake limeng'ang'ania ndani, na kulitoa ni balaa. Cheni, tairi na waya za breki zikichakaa si neno, hubadilishwa; zitumie kushushia bei. Isikuzidi kimo: ukisimama umeipanulia miguu, bomba la juu la fremu lisikuguse. Bakisha elfu hamsini ya fundi.