CI zikipandana usiandike "hakuna tofauti", mimi iliniponza

Mkuu, usipeleke hiyo sura ya nne ya utafiti wako kwa msimamizi. Futa leo hii ile sentensi yako, "CI za asilimia 95 za makundi mawili zinapandana, kwa hiyo hakuna tofauti". CI (confidence interval) ni masafa, kuanzia namba ya chini hadi ya juu, ambamo wastani wa kweli unakadiriwa kuwemo. Mimi niliandika hivyohivyo, na walioumia ni watu ambao hata hawajui CI ni nini.

Utafiti wangu ulikuwa wa mahindi. Wakulima 80, tukapiga kura: 40 wapande kwa nafasi na mbolea ya kupandia, 40 waendelee na kawaida yao. Tukapima magunia ya kilo 100 kwa ekari. Kundi la kawaida wastani 12, CI kuanzia 10.8 hadi 13.2. Kundi jipya wastani 14, kuanzia 12.8 hadi 15.2. Nikachora kila CI kama kijiti, nikaweka rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta: kimoja kinaishia 13.2, kingine kinaanzia 12.8. Vimepandana. Kijana wa steshenari aliyenichambulia data, niliyemlipa hela yangu ya kula, akasema "hapo hakuna tofauti, andika tu". Msimamizi akapita na kalamu nyekundu, akasahihisha nukta na mikato, sentensi yenyewe akaiacha. Hao wawili sijawasamehe mpaka leo. Mmoja alichukua hela, mwingine alichukua mshahara, na hakuna aliyesoma.

Nikarudi kijijini kutoa mrejesho. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, mbona mimi magunia niliyaona yameongezeka?" Nikamjibu kisomi kwamba shamba moja si ushahidi. Ni kweli, shamba moja si ushahidi. Lakini mimi nilikuwa na mashamba 80 mkononi na nikayasoma vibaya. Msimu uliofuata wengi wakarudi kupanda kwa mazoea, kwa neno langu.

Siku ya utetezi mtahini wa nje akauliza jambo moja tu: "CI ya tofauti yenyewe iko wapi?" Sikuwa nayo. Akaikokotoa kwa penseli pembeni ya ukurasa wangu. Kosa sanifu la kila kundi, yaani kiasi ambacho wastani huweza kupotoka kwa bahati tu, lilikuwa 0.6. Kosa la tofauti si 0.6 jumlisha 0.6. Ni kama kanuni ya Pythagoras tuliyosoma sekondari: kila moja ipate mraba wake, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Inakuja 0.85. Zidisha kwa 2 hivi, unapata 1.7. Tofauti ni magunia 2, kwa hiyo CI yake ni 0.3 hadi 3.7. Sifuri, yaani kutokuwa na tofauti, haimo. Yule mama alikuwa sahihi.

Ukipima vijiti kwa rula unakuwa umejumlisha makosa yote mawili, kana kwamba wastani mmoja umekadiriwa chini mno na mwingine juu mno kwa mpigo. Hutokea, ila ni nadra. Vijiti visipogusana kabisa, sawa, tofauti ipo. Vikigusana, bado havijakwambia kitu.

Kwa hiyo shika hili: ukilinganisha wastani wa makundi mawili, soma CI ya tofauti, si CI mbili za pembeni.

Sasa njoo kwenye namba zako. Waliofundishwa kwa ubao wastani 54, CI 50 hadi 58. Waliofanya majaribio maabara 59, CI 55 hadi 63. Tofauti ni alama 5, na CI yake inakuja kama -0.7 hadi 10.7. Sifuri imo, najua umefurahi. Lakini alama 10 nazo zimo! Ukiandika "hakuna tofauti" unamwambia mwalimu afunge maabara wakati data yako haijakataa kwamba inaongeza alama 10. Andika kwamba sampuli yako haikutosha kuamua, na uweke hiyo CI waione. Kama ni wanafunzi walewale kabla na baada, hesabu hii haifai: toa alama za kila mmoja kwanza, kisha tafuta CI ya hizo tofauti.

Kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, jedwali la t-test (kipimo cha kulinganisha wastani) la makundi mawili, safu mbili za mwisho kulia ndizo CI ya tofauti. Chukua mstari wa pili, ule usiodai kwamba makundi yametawanyika sawa. Zitume hapa kabla hujaprinti.