Eti Waganda Tunapendwa Dubai

Ndugu zangu wa Bombo, nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti mnaozungushiana kwenye kundi la ukoo. Wakala wa Kampala anasema Waarabu wa Dubai wanawapenda mno Waganda kwa sababu tu wapole, waaminifu, tuna heshima, na Kiingereza tunacho. Nimemsikia pia shangazi akisema basi kile kiwanja cha nyuma kiuzwe, kijana aondoke kabla ya Ramadhani. Mmeniuliza mimi niliye huku Dubai kama ni kweli, na kabla sijafungua mdomo mmeshaanza kupongezana. Haya, nasema. Atakayekasirika akasirike.

Joto mmeshasimuliwa. Vyumba vya vitanda vya ghorofa mmeviona kwenye picha. Nayaruka hayo. Linaloniuma mimi ni lile lile mnalolishangilia, hilo la kupendwa kwa sababu ya pasipoti.

Wenyeji wa nchi hii ni kama mtu mmoja katika kila kumi. Wengine wote tumekuja: Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Wafilipino, Wanepali, Wamisri, sisi. Ungedhani watu wakichanganyika kiasi hicho watachoka kuulizana nani katoka wapi. Wapi! Ndilo swali la kwanza, kabla ya jina lako. Kila taifa lina sifa yake, na kila sifa ina kazi yake na mshahara wake. Mfilipino msafi na mchangamfu, basi akae mapokezi. Mhindi wa Kerala ana hesabu, mpe kiti cha ofisini. Mpakistani mgumu, mpe lori. Mwafrika ana mwili, asimame mlangoni.

Mimi nasimama mlangoni. Zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, kwenye jengo la watu wenye nazo. Watoto wananisalimia, wazazi wao wananipita kama nguzo. Siku ya usaili sikuulizwa nimesoma nini. Mzee yule alinitazama mabega, akafungua pasipoti, akasema Uganda safi, watu wavumilivu, akaita mwingine. Diploma yangu ya uhasibu iko ndani ya sanduku, na sijawahi kuombwa kuionyesha.

Sasa fikirini ukoo wetu, sisi Wanubi, ulifikaje Uganda. Mwaka 1891 Lugard, yule ofisa Mwingereza, alikwenda mpaka karibu na Ziwa Albert, akawachukua wale askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani, waliobaki huko na kamanda wao Selim Bey, kwa sababu kwa hesabu yake Wasudani wale walikuwa watu wa vita. Baadaye Waingereza wakasema hivyo hivyo kuhusu Waacholi na Walangi, wakawajaza jeshini, na Waganda wa Buganda wakawapa kalamu za ukarani. Watu walikabidhiwa bunduki kwanza, kisha wakaambiwa bunduki ndiyo tabia yao. Rais Idi Amin, aliyewajaza Wanubi jeshini mwake, alipoangushwa mwaka 1979, wazee wetu walikimbilia Sudani na Zaire kwa tabia hiyo waliyopewa, hata yule ambaye maisha yake yote alikuwa akiuza vitambaa. Na mimi, kizazi cha nne au cha tano, nimejilipia nauli kuja kusimama mlangoni kwa mtu kwa sifa ile ile ya mabega. Mnanipongeza kwa lipi?

Wala msiseme nawasingizia Waarabu. Kwetu tunafanya nini? Mkaramojong akionekana Kampala ni mlinzi au ombaomba, hakuna la tatu. Mkiga akija, mtwishe mzigo, ana nguvu. Mnubi akiongea Kiswahili ndani ya teksi, watu wanashika mifuko, maana tulifundishwa kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi na majambazi. Baraza la mawaziri lilikubali mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na nawatakia heri walimu, lakini ile shingo ya abiria inayogeuka haijasoma hilo azimio. Katiba ya 1995 imeturodhesha kwa jina katika jamii 56 zilizokuwemo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926 (mwaka 2005 orodha ikafika 65). Pamoja na hayo, nilipokwenda kuomba karatasi zangu za safari niliulizwa babu yangu alizikwa wapi. Rafiki yangu niliyefuatana naye, jina lake la Kiganda, hakuulizwa hata jina la mama.

Cha kuchekesha ni kwamba kambini huku mimi ndiye Mganda kamili. Wakenya wananiita hivyo, Watanzania wananiita hivyo, na mtu akipata ndizi za matoke ananiletea mimi nipike, mimi niliyelelewa kwa kisra, ule mkate wetu mwembamba. Nimejifunzia Dubai kupika matoke. Nikifungua mdomo Kiswahili kikatoka sawasawa, Mtanzania anasema wewe unatudanganya, huwezi kuwa Mganda. Mkenya naye anatuambia tu wapole mno, tunamuogopa bosi, ndiyo maana hatupandi cheo. Na hapo hapo msimamizi anampa Mkenya barua ya onyo kwa sababu Wakenya ni wabishi. Mbona basi hakuna njia ya kushinda?

Kinubi chetu, lugha iliyotokana na Kiarabu, nilikuja nacho nikijua kitanibeba, si ni Kiarabu? Wenye lugha walikunja nyuso. Msudani mmoja alinielewa nusu, akacheka mpaka akakaa chini. Anayenielewa vizuri zaidi ni dereva wa Kipakistani, maana Kiarabu chake cha kuokoteza mitaani kinakaribia kabisa kile cha nyanya yangu, mama wa baba. Tunaongea hivyo kila asubuhi na Waarabu wanatuacha.

Nitawaambia jambo ambalo sipendi kulisema. Ule upole ninaufanya. Msimamizi akipita napunguza sauti, napokea kitu kwa mikono miwili, nasema ndiyo bwana hata kama sijasikia. Nyumbani mngenicheka, mnanijua nilivyo. Ila upole unalinda mkataba, nami nina watoto wanaokula mkataba huo. Kwa hiyo wakala wenu hakudanganya sana: kweli wanampenda Mganda. Wanampenda kwa sababu ni rahisi kumlipa kidogo na haulizi.

Na urahisi huo haukutoka kwenye damu yetu. Mfilipina wa kazi za ndani analipwa zaidi ya dada zetu kwa kazi ile ile, ufagio ule ule, na mawakala wanawaeleza kwamba ni kwa sababu Wafilipina wana tabia nzuri. Uongo. Ni kwa sababu serikali yao ilisema mwaka 2006 kwamba mtumishi wa ndani asitoke kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Sisi kima cha chini cha mshahara nchini mwetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984 na hakijaguswa. Ukimpelekea tajiri watu kutoka nchi yenye kima hicho, unataka aanzie wapi kupatana? Tazameni Qatar: Machi 2021 waliweka riyali 1,000 kuwa mshahara wa chini wa kila mfanyakazi, awe wa taifa gani, wa ndani na wa nje. Tabia ya taifa ikapoteza bei kwa sheria ya ukurasa mmoja, angalau kwenye karatasi. Huku nilipo nako sheria ya kazi ya 2021 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu. Matangazo hayaandiki tena "anatakiwa Mnepali" waziwazi kama zamani. Wanakupigia simu, wanauliza unatoka wapi, wanakata.

Mdogo wangu, usije. Kaa umalize ufundi wako wa umeme, Bombo haijaishiwa nyumba za kutia nyaya. Lakini najua utakuja, na mimi ni nani wa kukukataza wakati ada ya shule ya wadogo zako inatoka kwenye mlango huu huu? Ukija, basi uje kama fundi umeme mwenye cheti kilichogongwa mihuri, usikubali kuandikwa mlinzi kwa sababu umejaa kifua. Usikanyage ndege kwa viza ya kutembea, hata wakala akiapa kwa mama yake. Mwambie akuonyeshe mkataba na kibali cha kazi, kisha nenda uitafute kampuni yake kwenye orodha ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Sheria ya huku inamkataza mwajiri kukutoza gharama za kukuajiri, na inamkataza kushika pasipoti yako. Watakuomba vyote viwili wakitabasamu. Uwe mpole. Usiwe mpole sana. Ukiulizwa Waganda wakoje, sema hujui wote, uulizwe kuhusu umeme.

Shangazi, shikamoo. Kiwanja kisiuzwe, nakuomba. Hela ya wakala ikikosekana ni heri ikosekane, na yule kijana akinuna kwa miezi miwili mpikie asida atapoa. Jina la hiyo kampuni nitumieni leo usiku, kesho nina mapumziko, nitawauliza walioletwa nayo.