Maswali ya Wasomaji: Naogopa nusukaputi kuliko jino lenyewe

SWALI: Daktari, nakusalimu. Nina umri wa miaka 34 na sijawahi kufanyiwa upasuaji wowote. Picha ya eksirei imeonyesha kwamba magego yangu mawili ya mwisho, upande wa chini, yamelala ndani ya taya na mizizi yake iko karibu na mshipa wa fahamu, kwa hiyo nimepangiwa kung'olewa nikiwa chini ya nusukaputi. Maumivu ya jino nimeyazoea. Kinachoninyima raha ni mawazo mawili: kwamba huenda nisiamke, na kwamba huenda nikazinduka katikati ya upasuaji, nikawa nasikia kila kitu bila kuweza kusema. Nyumbani wananiambia nijikaze, na kumweleza daktari naona haya. Je, niahirishe? (Msomaji mwenye hofu)

JIBU: Ndugu msomaji, usiahirishe kabla hujazungumza na daktari wa usingizi, na katika mazungumzo hayo usimfiche hofu yako. Wanaokwambia ujikaze wana nia njema, lakini ushauri wao unaweza kukukosesha msaada ambao ungeupata kwa kusema tu. Daktari wa usingizi akijua kwamba mgonjwa wake ana hofu kubwa, anaweza kumpa dawa ya kumtuliza kabla hajaingia chumba cha upasuaji, kuomba awekwe wa kwanza katika orodha ya siku hiyo ili asikae akisubiri, na kumweleza kila hatua kabla haijafanyika. Hata barakoa ya oksijeni, ambayo huwatisha wengi inaposogezwa usoni, unaweza kuruhusiwa kuishika kwa mkono wako mwenyewe. Asipojua, atakuhudumia kama mtu asiye na wasiwasi.

Hofu ya kutoamka hutokana kwa sehemu kubwa na jinsi tunavyoufikiria usingizi huo. Wengi hudhani kwamba mgonjwa hupewa dozi moja kubwa ya dawa, kisha watu husubiri waone kama itamtoka mwilini. Sivyo. Sindano ya kumlaza, ambayo mara nyingi ni dawa nyeupe iitwayo propofoli, hufanya kazi kwa dakika chache tu, na mgonjwa huendelea kulala kwa sababu daktari anaendelea kumpa dawa, ama kwa gesi anayoivuta pamoja na oksijeni, ama kwa mashine inayoingiza dawa mshipani kidogo kidogo. Upasuaji unapokwisha, dawa husitishwa na mgonjwa huanza kuamka. Kazi kubwa, basi, ni kumdumisha mtu usingizini, na kwa sababu hiyo daktari wa usingizi hapaswi kuondoka chumbani hata mara moja: hufuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kiasi cha oksijeni kwa kifaa kinachobanwa kidoleni, na hewa unayoitoa katika kila pumzi. Sitakwambia kwamba hakuna hatari kabisa. Makadirio yanayotumiwa na madaktari wa usingizi nchini Uingereza ni kifo 1 katika kila wagonjwa 100,000 hivi, kwa mtu mwenye afya njema anayefanyiwa upasuaji usio wa dharura.

Kuzinduka katikati ya upasuaji ni jambo linalotokea, na wanaolipuuza hawawatendei haki waliopatwa nalo, lakini ni nadra. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, ulikuta taarifa 1 katika kila nusukaputi 19,000 hivi, na nyingi kati ya hizo zilihusu nyakati za mwanzo wa kulala au za kuamka, si katikati ya upasuaji wenyewe. Matukio mengi yalihusishwa na dawa za kulegeza misuli, ambazo ndizo humfanya mtu ashindwe kujisogeza. Una haki ya kumuuliza daktari wako kama atazitumia na atapimaje kina cha usingizi wako. Ninakuomba uulize swali hilo hasa, kwa sababu jibu lake litakutuliza kuliko takwimu zangu.

Kuna swali jingine ambalo lingetangulia yote: je, nusukaputi ni ya lazima kwako? Magego ya mwisho hutolewa mara nyingi kwa sindano ya ganzi peke yake, au kwa ganzi pamoja na dawa ya kutuliza inayopitishwa mshipani, ambayo humwacha mtu akiwa amelegea, anaitika akiitwa, na baadaye hakumbuki mengi. Nusukaputi huchaguliwa pale upasuaji unapokuwa mgumu au mrefu, au pale mgonjwa asipoweza kuvumilia akiwa macho. Mwombe daktari wa meno akueleze ni sababu ipi inayokuhusu. Ukiuliza hivyo hutakuwa unambishia. Na kama sababu ni nzito, utaikubali nusukaputi ukiwa unajua kwa nini.

Uliza pia ni nani atakayekulaza. Kama jibu ni kwamba anayeng'oa jino ndiye huyo huyo atakayesimamia usingizi wako, mimi nisingekubali, kwa kuwa anayefanya upasuaji mdomoni hawezi wakati huo huo kuangalia pumzi zako ipasavyo.

Kwa upande wako, mweleze daktari wa usingizi habari zako kwa ukamilifu: pumu, kisukari, shinikizo la damu, kiungulia cha mara kwa mara, mimba kama ipo, jino lililolegea, dawa unazotumia zikiwemo za mitishamba, sigara na pombe. Kama unakoroma sana na watu wamekuona ukikata pumzi usingizini, liseme hilo, maana linabadilisha namna atakavyokusimamia. Na waulize wazee wa ukoo wako kama kuna ndugu wa damu aliyepata homa kali ya ghafla chini ya nusukaputi, au aliyechelewa mno kurudiwa na pumzi zake baada ya upasuaji. Yapo matatizo machache ya kurithi ambayo hayana dalili yoyote hadi siku ya nusukaputi, na daktari akiyajua mapema huchagua dawa nyingine.

Kanuni ya kufunga kula haina mjadala. Kwa kawaida chakula na maziwa husitishwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa daktari wako akupe maagizo mengine. Ukilala kwa nusukaputi koo hupoteza uwezo wake wa kujikinga, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ikiwa umekula kwa kusahau, sema. Upasuaji utasogezwa mbele, na hilo ni jambo dogo.

Utakapoamka, huenda koo likakuwasha au pua ikatoa damu kidogo, kwa sababu katika upasuaji wa kinywa mpira wa kupitishia hewa mara nyingi huingizwa puani ili mdomo ubaki wazi. Midomo inaweza kuwa na ganzi, kwani daktari huchoma sindano ya ganzi ukiwa umelala ili usiamke na maumivu makali. Wengine hutetemeka, huhisi kichefuchefu, au hulia bila kujua sababu. Wauguzi wameyazoea hayo yote. Awepo mtu mzima wa kukurudisha nyumbani na kukaa nawe usiku huo, na usiendeshe gari kwa angalau saa 24.

SWALI: Mwanangu wa miaka 5 atatibiwa meno mengi kwa mara moja chini ya nusukaputi. Nimwambie nini, na je, nitaruhusiwa kuwa naye? (Mama wa mtoto)

JIBU: Mama, mwambie ukweli kwa maneno anayoyaelewa: kwamba atalala usingizi wa dawa, kwamba hatahisi meno yakitibiwa, na kwamba mdomo unaweza kumuuma kidogo akiamka. Usimwambie mnakwenda matembezini, kwa sababu akigundua, hatakuamini safari nyingine ya daktari. Hospitali nyingi humruhusu mzazi kubaki hadi mtoto asinzie, ama kwa kuvuta gesi kwenye barakoa ama kwa sindano mkononi baada ya ngozi kupakwa krimu ya ganzi. Ulizia utaratibu wa hospitali yenu mapema. Baadhi ya watoto hurusha mikono na miguu au hugeuza macho wanapoanza kulala, na mzazi asiyejua hushtuka sana. Hali hiyo hupita upesi, na mtoto haikumbuki. Akikohoa, akiwa na homa au makamasi mazito siku chache kabla, wapigie simu hospitali bila kusubiri siku yenyewe.