Kabari kabla ya mng'aro: kwa mnaoanza kubadilisha mipini ya nyembe

Ndugu zangu mnaoanza, bado naletewa nyembe za kukunja zenye mipini mipya inayong'aa vizuri, lakini ukizifunga, makali yanagonga upande mmoja. Imenibidi niandike.

1. Malighafi ichaguliwe kwa kuutazama wembe wenyewe. Mpingo ni mzito na unaufaa wembe mpana. Wembe mwembamba ukivishwa mpini mnene hulemea upande wa nyuma, kwa hiyo punguzeni unene wa kila upande wa mpini hadi milimita 3 au chini yake. Pembe ya mnyama hupinda kwa joto na unyevu. Selulodi ya zamani iacheni kabisa, kwani ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokitia chuma kutu, na hushika moto upesi mno.

2. Toboeni pande zote mbili zikiwa zimeshikanishwa, na vaeni barakoa.

3. Kabari, yaani kipande kidogo kinachokaa kati ya pande mbili za mpini kwenye ncha iliyo mbali na egemeo (pini ambayo wembe huzungukia ukifungwa), na hapa nawagombeza kwa mapenzi. Mwanafunzi mmoja aliusugua mpini wa mpingo kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano, kisha akaweka kabari yenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho na kuzigonga pini zote kwa nyundo hadi ncha zake zikatanuka, bila kujaribu kwanza. Pande za mpini hazikuwa na mvutano wa kulibana shina la wembe (sehemu isiyo na makali inayoshikwa na egemeo), likawa linacheza kwenye egemeo, na alipoufunga kwa mara ya kwanza makali yalitua kwenye mbao yakameguka. Ili kurekebisha ilibidi pini zikatwe, na ile ya egemeo ikang'oka pamoja na kipande cha mpini. Nilisikitika naye, maana usuguaji ule ulistahili mwisho mwema. Kabari ichongwe iwe nyembamba kwenye ncha ya mpini na nene kuelekea wembe, ili pande zitanuke kama upinde na mkizibana kwenye egemeo zibaki na nguvu. Kabla ya kugonga chochote, fungeni kwa skrubu ndogo na nati, mhakikishe wembe unatua katikati. Pini ya shaba ya milimita 1.6 hugongwa kwa mapigo mepesi, makali yakiwa yamefunikwa utepe.

4. Msasa ni wa namba 220, 400, 600, kisha 1000, kutoka mkwaruzo hadi laini. Pakeni mafuta ya kitani hata upande wa ndani, ambao wengi huuruka, halafu mbao hunywa unyevu upande mmoja na kupinda. Mpingo una mafuta yake yanayochelewesha ukaukaji. Ufuteni kwanza kwa asetoni. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.