Kabla ya kupeleka mayai supamaketi, pima rafu kwa mkono

Wewe uliyeanza kufuga kuku wa mayai huko Njoro, na meneja wa supamaketi keshakwambia umletee trei 50 kila wiki, usikimbilie kuongeza vifaranga. Mimi nilikimbilia. Trei 210 zangu hazijalipwa mpaka leo. Jina la duka nitaliacha.

Mji wetu wa Nakuru una mambo yake katika biashara ya supamaketi. Ile "matt" ya Nakumatt wengi hudhani ni supamaketi iliyofupishwa, kumbe ni godoro: ilianza kama Nakuru Mattresses. Tuskys nayo kwenye makaratasi ilikuwa Tusker Mattresses. Naivas ilianzia Rongai (yetu ya huku, si Ongata Rongai) mwaka 1990, ikiitwa Rongai Self Service Stores. Godoro likikaa stoo miezi mitatu bado ni godoro. Yai halina subira hiyo.

Nakumatt ilifikisha maduka zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na bado Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifungwe. Tuskys haikukawia kuifuata. Duka likianguka, benki ina dhamana mkononi. Sisi wa kuleta mzigo tuna karatasi yenye muhuri wa "imepokelewa".

Mimi ishara ya kuanguka kwa lile duka niliiona. Kwenye rafu ya maziwa walikuwa wamepanga karatasi za chooni, aina moja tu, mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nikapenyeza mkono nyuma ya pakiti ya mbele: hamna kitu, vumbi tu. Mhudumu aliniona, akageuza uso. Na bado siku hiyo hiyo nikateremsha trei 40, kwa sababu meneja alikuwa mcheshi na mimi nilikuwa na kuku 500 wa kulisha.

Kwa hiyo nenda mwisho wa mwezi, watu wakiwa na pesa, upenyeze mkono wako. Halafu amka mapema umsubiri dereva wa mkate mlango wa nyuma, umuulize kama bado wanachukua kwa mkopo au kampuni yake imeanza kudai pesa mkononi. Watu wa mkate hujua kabla ya magazeti.

LPO (karatasi ya oda ya duka) isomeke malipo ndani ya siku 30. Wakikwambia 90, piga hesabu: kuku 500 hula karibu gunia zima la kilo 70 kwa siku, kwa hiyo utakuwa umenunua magunia kama 90 kabla ya kuona shilingi yao ya kwanza. Tangu 2019 sheria ya ushindani inamkataza mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, na unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani. Ila lalamika duka likiwa bado hai.

Na usiwape zaidi ya theluthi ya mayai yako. Yangu mengi siku hizi yanakwenda kwa vijana wanaouza smokie (soseji) na mayai pasua barabarani. Wananipunja bei kidogo, lakini M-Pesa inalia kabla sijawasha pikipiki.

Jumamosi nimeingia supamaketi nyingine, nikapenyeza mkono nyuma ya maziwa. Palikuwa na pakiti ya pili, ya tatu, ya nne. Nimewapelekea trei 10.