Pikapu Ikinuka Kuungua, Anza na Matairi

Mwambie fundi yeyote hapa Mwanza kwamba pikapu yako inanuka kuungua, na kuna uwezekano mkubwa utajibiwa kabla boneti haijafunguliwa: "Klachi hiyo, bosi." Jibu hilo linaingia akilini upesi. Mji wetu ni vilima na mawe, na aliyewahi kupandisha mzigo kuelekea Bugando huku foleni ikimsimamisha kila baada ya hatua chache anajua klachi inavyoteswa. Lakini kushusha gia boksi ili kuifikia klachi ni kazi nzito na hela yake inauma. Usikubali ishushwe kabla hujajua harufu inatoka wapi na inatokea wakati gani.

Pua peke yake haitakusaidia sana hapo. Klachi na breki zote zinafanya kazi kwa msuguano, na zikizidiwa na joto hutoa harufu ileile kali inayokwaruza koo. Cha kujiuliza ni gari lilikuwa linafanya nini harufu ilipoanza. Hilux yangu ilianza kunuka nikiwa nimepita Usagara, naelekea Sengerema. Nilikuwa gia ya tano, mguu uko mbali kabisa na klachi. Klachi iliyoshika vizuri haiungui ukiwa unatembea hivyo, na inayoteleza ingejionyesha: injini inapandisha mlio, spidi haiongezeki. Yangu haikufanya hivyo. Gari lilikuwa zito tu, nikiachia mafuta linapunguza mwendo upesi kuliko kawaida, na usukani unavutia kushoto.

Nilivuka daraja la Kigongo–Busisi taratibu (kwa kweli tangu lifunguliwe mwaka 2025 sina hamu hata kidogo ya foleni ya kivuko) nikaegesha upande wa pili. Hapo fanya hivi: zunguka gari, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Matairi matatu yalikuwa na uvuguvugu. La mbele kushoto lilikuwa linatoa joto ambalo mkono ulilikataa kabla haujafika. Kijana mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji, roho safi kabisa, ikabidi nimzuie. Diski iliyopata moto hivyo ukiimwagia maji baridi inaweza kupinda au kupata ufa, na utakuwa umejiongezea gharama.

Sasa, kujua ni breki inayokaba haitoshi, maana kuna sababu zaidi ya moja na bei zake hazifanani. Weka mawe kwenye matairi mengine, piga jeki mahali pagumu, ila usiingize mwili chini ya gari. Kipimo hiki kifanyike tairi likiwa bado limekaba, kwa sababu likipoa linaweza kuachia lenyewe. Jaribu kulizungusha kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo ile nati ya kutolea upepo kwenye kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), uso wako ukiwa pembeni. Mafuta ya breki yakiruka kwa nguvu na tairi likaachia papo hapo, ujue presha ilikuwa imefungiwa humo ndani. Mara nyingi ni hozi ya breki: kwa nje inaonekana nzima, kwa ndani mpira umevimba, ukikanyaga breki mafuta yake yanapita, ukiachia hayarudi. Kama matairi yote mawili ya mbele yamekaba, itazame masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli ya breki. Na kama umelegeza nati na tairi bado limegoma, tatizo liko kwenye kalipa yenyewe, pistoni au pini zake zimeshikwa na kutu.

Yangu ilikuwa hozi. Nilibadilisha ya kushoto na ya kulia pamoja kwa sababu zimezeeka pamoja, nikaweka pedi mpya, mafuta ya breki yakamwagwa yote na upepo ukatolewa. Kuhusu pedi usibishane na fundi: zikishaungua sehemu ya juu inakuwa ngumu na kung'aa, haishiki tena vizuri.

Wenzangu mnaobeba samaki kutoka Mwaloni mna shida yenu, ya breki za nyuma. Maji ya barafu yanachuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye waya wa handibreki, waya unashika kutu, ukishusha handibreki ndani ya gari kule nyuma shuu hazirudi. Taa ya dashibodi imezimika na wewe unatembea breki imeshika. Inua nyuma, shusha handibreki, zungusha tairi kwa mkono. Jibu utalipata hapohapo.

Na kama kweli ni klachi? Harufu itakuja kwenye mlima, kwenye kurudi nyuma na mzigo, au kwenye foleni, na matairi yote yatakuwa na joto la kawaida. Kabla ya kununua pleti ya klachi, hakikisha pedeli ina nafasi kidogo ya kucheza kabla haijaanza kusukuma, na umwulize dereva wako kama analishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya handibreki. Gia boksi ikishashushwa, mwambie fundi akague sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili ya injini isivuje. Ikivuja oili juu ya pleti mpya, hela yako imekwenda na maji.

Harufu nzito ya oili kuungua inayokuja ukisimama kwenye taa, na moshi mwepesi kutoka kwenye boneti, mara nyingi ni oili inayodondokea ekzosi kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Hiyo ni kazi ndogo. Harufu tamutamu ni kulanti, dawa ya rejeta ya kupozea injini: angalia mshale wa joto, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kabla ya nyuzi 100, kwa hiyo mtu anayekwambia maji ya bomba yanatosha hakutakii mema.

Harufu ya plastiki ndani ya kabini haisubiri ufike nyumbani. Egesha, zima, shusha watu, chomoa waya wa hasi wa betri. Halafu tafuta kilichofungwa baadaye: redio, spotilaiti, chaja, na zaidi ya yote fyuzi ambayo mtu aliitoa akaweka kipande cha waya. Lakini ukiona moshi mzito unatoka kwenye boneti usiifungue yote, maana hewa itaupa moto nguvu. Iachie upenyo tu, upulizie mtungi wa kuzimia moto kupitia hapo. Mtungi wenyewe ukae kabini, karibu na kiti cha dereva. Ukiwa chini ya magunia ya dagaa hutaufikia.